Sharubu za Paka

Kopo la bati nililokabidhiwa na mke wa marehemu ami yangu, Kikwajuni, lilikuwa limeshika kutu hata ikabidi nilifungue kwa bisibisi, na lilipofunguka chumba kizima kilinuka siki. "Mwanangu, miaka yote nikidhani ni achari imeharibika," alisema. Ndani mlikuwa na mkanda wa milimita 16 wa katuni fupi ya paka, mwanzo wake umekatika pamoja na jina.

Siki ile hutoka katika asetati, yaani plastiki inayobeba picha. Joto na unyevu huianzisha, kisha asidi inayozalika huzidi kuila, kwa hiyo mkanda ulioanza kunuka hauponi. Huweza kucheleweshwa tu. Kwetu Unguja, ambako masika hata viatu vya kabatini huota ukungu, muda wenyewe ni mfupi. Niliutenga na mikanda mingine, wala sikuthubutu kuupitisha kwenye projekta, kwani mkanda uliosinyaa huchanwa na meno ya mashine.

Nikaupiga picha moja moja kwa kamera, juu ya kioo chenye taa chini yake. Katuni ya dakika saba, kwa picha 24 kila sekunde, ni zaidi ya picha 10,000. (Nyumbani walishaacha kuniuliza ninafanya nini.)

Rangi ilikuwa imebaki wekundu mtupu, kama ilivyo kawaida ya mikanda mingi ya rangi ya miaka ya 1950 na kuendelea, ambayo buluu yake hupotea mapema. Hilo kompyuta ilinisaidia kwa kiasi. Balaa lilikuwa programu ya kufuta mikwaruzo: hutafuta kitu kilichomo katika picha moja na kisichokuwamo katika jirani zake, ikakihesabu ni uchafu. Paka anapogeuza kichwa ghafla, sharubu zake huwa na sifa hiyo hiyo. Zikafutwa, na wino wa ukingo wa mkia nao ukamegwa. Paka akatoka safi, amenyolewa.

Nikaizima, nikarudia kwa mkono, nikifuta vumbi la mkanda tu na kuliacha lile lililonaswa chini ya kamera siku katuni ilipotengenezwa, maana hilo ni la kazi yenyewe. Mpaka jana nimefika dakika ya tatu. Sharubu za kushoto zimerudi zote. Za kulia, moja imekwenda na ukingo uliochanika, na sitaichora.