Siku moja kwenye kibanda cha matairi Chalinze: natafuta geji isiyodanganya

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijawasha kompresa naanza na tairi moja kuukuu la lori lililolala kivulini nyuma ya kibanda, likiwa kwenye rimu yake. Haliendi popote. Kazi yake ni kuzijaribu geji, yaani vile vipimo vya upepo wa tairi. Jioni nalijaza, usiku linapoa, alfajiri napitisha geji zangu zote kwenye vali yake moja baada ya nyingine. Tairi la lori lina upepo mwingi, kile kidogo kinachotoka kila ukipima hakibadilishi jibu.

Leo geji ya kwenye mpira wa kompresa imesema 104, kwa psi, kizio tunachopimia mgandamizo wa upepo. Ya kalamu, 96. Geji yangu kubwa ya mshale, tuliyoibatiza hakimu, 109. Nikaichomoa, na mshale haukurudi kwenye sifuri. Umeganda kwenye 5.

Dogo ninayefanya naye kazi akachangamka: "Si tunatoa tano tu, mkuu, tunaendelea?"

Hesabu yake inavutia, maana ukitoa tano unapata 104, sawasawa na ya kompresa. Lakini geji ya mshale ina bomba dogo la shaba lililobanwa bapa na kupindwa kama mundu. Upepo ukiingia, bomba linataka kujinyoosha, ncha yake inavuta vyuma vidogo, vyuma vinazungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyelisajili mwaka 1849 na mpaka leo ni lile lile. Likishavutwa kupita uwezo wake au geji ikidondoka kwenye lami, halirudi lilivyokuwa. Leo limekosea kwa tano hapa kwenye 100. Huko kwenye 30 huenda limekosea kwa tatu au kwa saba, na kesho litaamka na jingine. Hakimu amestaafu. Leo lazima nipate mwingine.

Saa 12:30 asubuhi

Magari ya IT yanaanza kuingia kwa msururu. Kwa asiyejua, hayo ni magari yaliyoshuka bandarini Dar yakielekea Tunduma, kisha Zambia na Kongo. Madereva wake wana haraka na karibu wote wana namba moja mdomoni: "Weka 40."

Nafungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo pana kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma, ila tarakimu ni tarakimu: 220, na pembeni yake 2.2. Hiyo 220 ni kilopaskali, sawa na psi 32. Hiyo 2.2 ni kilo kwa sentimita mraba, kitu kile kile. Dereva akaniambia tairi lenyewe limeandikwa 44. Ni kweli limeandikwa, lakini 44 ni mwisho wa uwezo wa tairi. Aliyetengeneza gari anataka 32, na gari ndilo analoendesha.

Nikapima, 36. Nimeziacha. Gari limetoka Dar, zaidi ya kilomita mia moja, tairi ni za moto na kibandiko kinazungumzia tairi la baridi. Ukipunguza mpaka 32 sasa hivi, likipoa huko Iringa litakuwa limelegea.

Alikasirika kidogo kwamba amesimama bure. Sikumtoza.

Saa 3:00 asubuhi

Dogo anabaki na kompresa, mimi navuka barabara kwenda duka la spea. Mwenye duka ni mtu mzima, tunaheshimiana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja na deni au na hela?"

Akaniwekea mezani geji nne: ya kalamu, ya dijito yenye taa ya buluu, na mbili za mshale. Mwanawe, kijana wa siku hizi, akaisifia ya dijito. Inaonyesha mpaka nukta, 32.4. Nikamwambia nukta ni ya kioo, haimaanishi kipimo chenyewe kiko sahihi. Inaweza kukupa 32.4 wakati tairi lina 35, kwa kujiamini kabisa.

Watu wengi wananunua geji kwa kuangalia ukubwa na mng'ao. Mimi la kwanza ninaloangalia ni mwisho wa kipimo. Moja ya zile za mshale, nzito, ina mpira mzuri, kioo kimekingwa na raba, inasoma kuanzia 0 hadi 220. Nyuma ya boksi pameandikwa usahihi asilimia 3. Mtu akisoma hapo anadhani akipima 30 itakosea kwa chini ya moja. Sivyo. Kwa geji za mshale asilimia hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa kipimo kizima, yaani asilimia 3 ya 220, ambayo ni 6.6. Kosa hilo linaruhusiwa popote mshale ulipo. Tairi la 30 linaweza kusomeka 24 au 36 na kiwanda kikakwambia hatujavunja ahadi. Ya pili inaishia 60 na imeandikwa asilimia 2: kosa lake ni 1.2. Ndogo, haina mbwembwe, bei nafuu. Kwa IST, Noah na bajaji, hiyo ndogo inaipita ile kubwa kwa mbali.

Kwa malori, sasa, 60 haifai kitu. Namba ninazozisaka huko ni 100 hadi 120. Nikamuuliza mzee kama ana inayoishia 160, kwa sababu mshale unakuwa mkweli zaidi ukikaa maeneo ya katikati kuliko ukiwa umebanwa mwanzoni au mwishoni. Akapanda ngazi, akashuka na moja yenye vumbi, shingo ndefu ya chuma na kichwa cha pande mbili. Kichwa hicho kwa mtu wa malori ni dhahabu. Vali ya tairi la ndani kwenye pacha za nyuma, yale matairi mawili yanayokaa bega kwa bega, inaelekea upande mwingine, na kwa kichwa cha kawaida utachubua vidole na jibu usilipate.

Mzee hana tairi la kujaribia dukani. Tukakubaliana: naacha hela yote, naondoka na ile ya 60, ile ya 160 na ya dijito, jioni narudisha nisizozitaka.

Saa 5:00

Majaribio kwenye tairi la kivulini. Ya 160 na ya dijito, kila moja mara tatu mfululizo kwenye vali ile ile. Ya 160 imesema 103, 103, 103. Ya dijito imesema 104, 101.5, 105. Dogo akadhani ni betri, tukaweka mpya kutoka kwenye rimoti ya jirani, ikatulia kidogo: 104, 102.5, 104. Nikasikiliza kichwa chake kikiwa kwenye vali, kinapuliza. Raba ya ndani ni ngumu, haikai vizuri, upepo unavuja wakati inapima. Geji inayorudia jibu lile lile hata kama limekosea nitaishi nayo, nitajua kosa lake. Inayobadilika kila ukiigusa sina namna ya kuisaidia.

Saa 7:00 mchana

Jua la Chalinze saa hii halina adabu. Ndio muda wa ugomvi wa upepo wa moto.

Semi imeingia na pacha zilizokaa juani upande mmoja. Utingo amezipiga zote kwa rungu, akatangaza kwamba za upande wa jua "zimekaza mno", tupunguze. Rungu litakuonyesha tairi lililolala kabisa. Halitakuonyesha tofauti ya 80 na 110. Nimepima: upande wa jua 121, upande wa kivuli 115. Kwa tairi la lori lenye 110, kila joto likiongezeka nyuzi 10 upepo unapanda kama psi 4 hivi, kwa hiyo tofauti hiyo jua peke yake linaielezea. Nikamwambia dereva kesho apime kabla hajawasha gari, hiyo ndiyo namba ya kuiamini. Tairi lililopunguzwa likiwa la moto linaamka limelegea. Likibeba mzigo, mbavu zake zinajikunja kila mzunguko, joto linazidi, na hapo ndipo yanapopasuka.

Utingo hakuridhika. Dereva alielewa.

Wali maharage, haraka haraka, nimesimama.

Saa 9:00 alasiri

Geji tatu zinazokubaliana zinaweza kuwa zinadanganya kwa pamoja. Nikapanda boda mpaka gereji moja ya malori njia ya Morogoro ambako fundi mkuu ni rafiki yangu. Kabatini kwake, ndani ya boksi lenye sifongo, ana geji yenye cheti cha ugezi, yaani imelinganishwa na kipimo cha kuaminika. Haifanyi kazi ya kila siku. Inatoka kwa ajili ya kuhukumu nyingine tu, kisha inarudi kulala.

Ukitaka kupata cheti cha namna hiyo, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pale Ubungo, Dar, wana maabara ya ugezi. Kwa kibanda kama changu, kuwa na rafiki mwenye geji yenye cheti kunatosha.

Tukajaza tairi moja kwa hatua. Kwenye 30 ya kwake, ile ndogo ya 60 ilisema 30 na nusu. Kwenye 45, 45. Tukapanda. Kwenye 100, ile ya 160 ilisema 99, na kwenye 120 ikasema 119. Ya dijito, 102 na 124, kisha ikajizima yenyewe katikati ya kazi. Geji ya kalamu nilikuwa nayo mfukoni, tukaipima kwa kujifurahisha: 92 kwenye 100. Rafiki yangu akacheka, "Hiyo ikoroge uji."

Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya ile ya 160: ONGEZA 1.

Saa 11:00 jioni

Ya dijito imerudi dukani. Mzee hakubisha, alimtazama tu mwanawe. Hela iliyobaki nimenunua kofia za vali, maana vumbi likiingia kwenye vali linaishia ndani ya geji. Halafu nikafungua koki ya chini ya kompresa, yakatoka maji ya kahawia karibu kikombe kizima. Maji hayo yasipotolewa kila siku yanapanda kwenye mpira na kuozesha geji taratibu. Nadhani ndiyo yaliyommaliza hakimu wa zamani, kuliko kudondoka.

Saa 1:00 usiku

Tulikuwa tunafunga ikaingia fuso ya mahindi, dereva anataka kuziba pancha ya mbele tu. Dogo akiwa anaziba, nikazunguka nyuma na shingo ndefu. Pacha ya kushoto, la nje 95. Nikapenyeza kichwa cha pili mpaka kwenye la ndani: 40. Kwa macho yalikuwa sawa kabisa, maana la nje lilikuwa limebeba mzigo wa mwenzake na kulishikilia.

"Tangu lini?" dereva akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nalo.

Tulilitoa. Msumari mwembamba, umezama wote. Tukaziba, tukajaza yote mawili mpaka yakalingana, na akanipunguzia bei kwa madai kwamba hakuomba lipimwe. Tumebishana mpaka saa mbili. Amelipa, isipokuwa buku moja.