Vikonyo vya Njombe kwenye Joto la Chimala

Nilipanda basi Njombe asubuhi ya baridi kali ya Julai, nikiwa nimelipakata boksi la vikonyo vya matufaha, yaani vijiti vya kubebesha (kuunganisha) kwenye shina la mche mwingine, kwa kuwa kondakta alitaka nililipie shilingi 10,000, zaidi ya nusu ya nauli yangu. Hadi Makambako mambo yalikuwa shwari. Tulipoteremkia joto la Usangu, basi likaharibika karibu na Chimala, tukakaa pale mchana mzima huku gazeti bichi nililovifungia vikonyo likikauka mikononi mwangu.

Abiria mwenzangu, bwana shamba mstaafu, aliomba kimoja, akakwaruza gome kwa ukucha hadi ukijani ukaonekana. "Bado vizima, kijana, ila macho yake ya kuchipulia yameanza kuvimba. Ukichelewa kuvibebesha, yatachipua humu humu garini."

Aliyonieleza baadaye yalinisahaulisha hata njaa. Huko Fort Collins, Colorado, nchini Marekani, macho ya matufaha huhifadhiwa kwa miaka mingi kwenye mvuke wa naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka nyuzi 196 chini ya sifuri. Matawi huchumwa majira ya baridi, mti ukiwa umelala, yakakatwa vipande vya milimita 35 hivi na kukaushwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri hadi maji yabaki kama asilimia 30. Kisha hupozwa kwa nyuzi 1 tu kila saa hadi kufikia 30 chini ya sifuri, ndipo yaingizwe kwenye naitrojeni. Haraka haitakiwi, kwani maji yakigandia ndani ya seli huzipasua. Jicho likihitajika huyeyushwa, likabebeshwa kwenye shina kama tufanyavyo sisi.

Nikamuuliza kuhusu mparachichi wa bibi kule Tukuyu, ambao mbegu yake haizai tunda lile lile. Akatikisa kichwa. Mparachichi haulali usingizi huo, na mbegu yake ikikaushwa hufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hugandisha ncha ndogo mno za machipukizi zilizokuzwa maabara. Hata mitufaha yetu ya Njombe, alisema, husinzia tu.

Tulifika Uyole usiku, na teksi ya Tukuyu ikanitoza bei ya kunikomoa. Mti wa bibi umeshaoza upande mmoja. Naitrojeni sina, lakini miche ya kienyeji ninayo kwenye viriba, na kesho yake nilibebesha vikonyo vya parachichi hilo vingi kuliko vya matufaha niliyoyahangaikia njia nzima.