Ni mama ao ni baba?

Tangu Jumapili kuna swali moja limekataa kunitoka. Mahari ya mdogo wangu imepokelewa, mkataba wangu wa kazi umeongezwa miaka miwili (asanteni kwa maombi, nitasimulia siku nyingine), lakini nikilala sisikii vigelegele. Namsikia mama wa maharagwe.

Niliwahi kumwandika hapa. Ni yule wa Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo, aliyeingia CTE (kituo cha matibabu ya Ebola) mwaka 2019, akatoka mzima, kisha akabaki palepale kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa bado ndani. Ni jirani ya mama yangu mdogo, kwa hiyo kwenye shughuli ya mahari alikuwepo. Wageni walipoanza kula sombe alivuta kiti akaketi karibu nami.

"Docta, ile damu yangu yenye mulibebaka, ilifikaka wapi?"

Nikamwambia iko Kinshasa, kwenye friji ya baridi kali, na bado tunaifanyia kazi.

"Munatafuta nini ndani?"

Hapo nilifurahi, maana hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Nikamweleza kwamba dawa aliyotundikiwa, mAb114, ni kingamwili, yaani protini ya mwili inayopambana na virusi, iliyotokana na damu ya mtu mwingine, na sisi watafiti tunataka kujua kama mwili uliopewa msaada huo ulijifunza pia kutengeneza kingamwili zake wenyewe, na zitadumu hadi lini.

"Ya mutu mwingine? Mutu gani?"

"Mtu wa Kikwit, mama. Alipona Ebola mwaka 1995."

Akaweka sahani chini. "Ni mama ao ni baba?"

Nikanyamaza.

"Angali muzima? Watoto yake wanajua?"

Nikasema jina lake halitajwi, ndio utaratibu. Akatikisa kichwa polepole, na macho yake hayakuniacha.

Ni mama ao ni baba. Nimeishi na kingamwili hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Najua inashika protini ya juu ya virusi palepale ambapo virusi vingejishikiza kwenye chembe yetu, ili visipate njia ya kuingia. Najua nyani walioambukizwa walipona hata walipoanza kupewa siku ya tano. Najua damu ilichukuliwa miaka 11 baada ya ugonjwa, na bado chembe za kumbukumbu za mtu huyo zilikuwa hazijasahau Ebola. Zikapatikana, zikakuzwa, na mwaka 2016 habari ikatoka kwenye jarida la Science. Haya yote huwa nayafundisha bila karatasi. Mama wa maharagwe aliuliza mambo ambayo mtu yeyote wa kijijini angeuliza kwanza, na kwenye mafunzo yangu yote sikumbuki hata mmoja akiyauliza.

Kazi yetu ina historia ya damu kuondoka na habari kutorudi. Profesa Muyembe, mtafiti wa virusi wa Kongo, alipofika Yambuku, kijiji ambako Ebola ilizuka mwaka 1976, alichukua damu za wagonjwa bila glavu, akanawa kwa maji na sabuni. Mtawa mgonjwa aliyerudi naye Kinshasa alitolewa damu, ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na kwa miaka mingi hadithi ya ugunduzi ikawa inaanzia Antwerp. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wengi nje hawakushawishika, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio kubwa la kulinganisha, safari hii la dawa za kingamwili, lilikuja baadaye sana, na lilifanyika kwetu: jaribio la PALM, kuanzia Novemba 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681, katikati ya risasi na vituo kuchomwa moto. Waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, karibu nusu walifariki. Waliopewa mAb114 walifariki 35 kwa mia, na kwa waliofika na virusi vichache mwilini, takriban mmoja kati ya kumi. Agosti 2019 Profesa aliweza kutangaza kwamba Ebola inatibika. Nililia siku hiyo, na sioni haya kuliandika.

Siri ya jina ninaitetea. Waliokuwa Butembo wakati wa Riposte (kampeni ya kupambana na Ebola) wanajua aliyepona alivyokimbiwa hata na wateja wake. Lakini habari inaweza kurudi bila jina. Mtu anaweza kuambiwa: damu uliyotoa ilituonyesha hiki. Kwa hiyo jana usiku, kwenye maombi ya fedha ya mradi mpya, niliongeza mstari wa kurudi kwa waliotoa damu, nyumba kwa nyumba, na mtu wa kueleza kwa Kiswahili na Kinande. Wakiukata mstari huo nitaurudisha.

Na leo, nikisubiri mvua ipite, nimekumbuka kwamba mazungumzo hayakuishia pale. Nilikuwa narudia maswali tu, na nikaliacha neno lake la mwisho. Baada ya kunitazama vile alikunja mkono wa kitenge chake hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yangu, hapohapo kati ya sahani.

"Basi na yangu itaenda kwa mutu mwenye sitajua. Mutarudi lini kukamata ingine?"

Nikamwambia mwezi wa tatu. Akasema nisije siku ya soko.

Nimefurahi hadi nimesimama peke yangu chumbani. Huyu mama alitundikiwa kingamwili ya mtu wa Kikwit, na sasa anadai zamu yake. Sijui mkuu yeyote wa maabara aliyewahi kunipa moyo wa kazi namna hiyo.

Ningependa niishie hapo, ila Baba Watoto ametuma picha kutoka Kinshasa. Mvua ya juzi imelikuza lile korongo nyuma ya ua; sasa limefika kwenye mizizi ya mwembe, na ukuta wa choo una ufa. Mwenye nyumba hapokei simu. Ndege yangu ni Ijumaa, na wanasema mvua bado ipo.