Mitamba wangu watatu walipata mimba nisiyoipanga

Walioniambia niwachinje mitamba wangu, yaani nguruwe majike ambao hawajawahi kuzaa, mara tu nilipogundua wana mimba walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukesha bandani na nguruwe anayezaa. Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo anaambiwa maneno hayo hayo.

Nafugia Mbozi, mkoani Songwe. Oktoba mwaka jana nilinunua watoto watano wa mzao mmoja, majike matatu na madume mawili, wenye miezi miwili. Jirani mfugaji akaniambia, "Dada, usiwahasi hao madume. Asiyehasiwa anakua haraka, na hao ni ndugu, hawawezi kupandana." La kwanza ni kweli. La pili ni uongo mtupu. Nguruwe hajui dada wala kaka, na dume wa miezi mitano au sita ana uwezo wa kupanda.

Walipokaribia miezi mitano niliingiwa na wasiwasi, nikawatenga kwa mabanzi. Nilipigilia mwenyewe, banzi juu ya banzi mpaka usawa wa kifua changu, misumari ya nchi nne. Asubuhi ya tatu nikamkuta dume mkubwa amelala katikati ya majike. Alikuwa ameingiza pua chini ya banzi la mwisho akalinyanyua, misumari ikatoka mizima bila kupinda. Nikalizika banzi la chini ardhini kiasi cha shubiri moja. Akafukua. Nikapanga mawe, akayaviringisha moja moja usiku kucha, nilikuwa nikisikia kitandani. Nguvu zote za nguruwe ziko shingoni, na kazi ya shingo ile ni kunyanyua, kwa hiyo kizuizi chochote chenye uwazi chini ni mlango kwake. Kilichomshinda ni ukuta wa tofali za kuchoma, kimo cha tumbo langu, uliojengwa juu ya sakafu ya zege. Ulinimaliza laki na kitu, na ulikuja umechelewa.

Baada ya ukuta nikawa nawabonyeza majike mgongoni kila asubuhi. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, ukimbonyeza hivyo husimama kama gogo, na joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Siku 21 zikapita, zikapita nyingine, hakuna aliyesimama. Daktari wa mifugo alipokuja aliwaangalia chuchu, akasema, "Mama, hawa wote watatu wamebeba." Nilimuuliza kuhusu sindano ya kutoa mimba. Akanieleza kwamba ipo, lakini mimba zikishakuwa kubwa hivi naweza kubaki na majike wagonjwa na nisipate kitu. Madume aliwahasi siku hiyo hiyo, kwa ganzi.

Hapo ndipo washauri wa kuchinja walipojaa uani. Hebu fikirini: jike mwenye mimba anaonekana mzito, lakini sehemu ya uzito huo ni mfuko wa uzazi na maji, na mchinjaji halipii maji. Halafu mimba ya nguruwe ni siku 114 tu, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kusubiri hakukuwa mzigo. Mzigo wangu ulikuwa mmoja: sikujua walipandwa tarehe gani.

Kwa hiyo nilitegemea chuchu na majani. Nikikamua chuchu na tone la maziwa likatoka, najua ni ndani ya siku moja hivi. Wa kwanza, jioni ya Juni yenye baridi kali, alianza kubeba majani makavu mdomoni kutoka kona moja hadi nyingine, anayapanga, anayafumua, anayapanga tena. Sikutoka bandani. Mtoto wa kwanza alipoanguka na kulia, yule jike alishtuka, akageuka amwume. Nilimnyakua mtoto kabla meno hayajamfikia. Kila aliyezaliwa nilimfuta, nikamweka ndani ya tenga lenye majani na dumu la lita tano la maji ya moto lililofungwa kwenye gunia. Hiyo ndiyo mbinu ninayojivunia kuliko zote. Mama alipomaliza kuzaa akalala kwa ubavu ametulia, nikawarudisha wote pamoja. Akawapokea, wakanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza. Hakuuma tena.

Walizaliwa 21 kwa majike matatu. Watatu walilaliwa, mmoja alikufa kwa baridi kwa sababu nilisinzia, na mmoja hakuwa na tundu la haja. Huyo wa mwisho huenda ndiyo gharama ya kupandisha ndugu, na niliumia kumwona. Waliobaki 16 walichomwa sindano ya madini ya chuma siku ya tatu, na nilishaamua wote ni wa nyama, hata mmoja asiwe mbegu.

Niliwaachisha kunyonya kwa wiki sita. Jike wa kwanza nilimchinja wiki moja tu baadaye, nikiwa na haraka ya kurudisha pesa ya ukuta. Nilikosea sana. Alikuwa mifupa mitupu, kiwele bado kina maziwa, na kisu kilipopita tumboni maziwa yakachuruzika juu ya nyama. Mchinjaji aliitupa sehemu yote ile ya chini, na kilo zilizobaki akazipunguzia bei.

Wa pili nilimpumzisha miezi miwili. Siku za kwanza nilimpunguzia chakula kiwele kikauke, kisha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo mpaka mgongo ukajaa. Mkaguzi wa nyama alitafuta mabuu ya minyoo ya tegu kwenye ulimi na moyo, akapiga muhuri. Mguu mmoja nilibaki nao nyumbani. Nyama ilikuwa nyekundu kuliko ya nguruwe mdogo, ikataka moto wa polepole, na haikuwa na harufu yoyote. Wanaosema jike aliyezaa hunuka wanamsingizia. Harufu ile ni ya dume asiyehasiwa. Hata madume wangu niliwauza zaidi ya miezi miwili baada ya kuhasiwa, na hakuna mteja aliyelalamika.

Wa tatu, yule aliyenyonyesha vizuri kuliko wenzake, nimembakiza. Dume nimemkodi kijiji kingine, nikihakikisha kwanza huko hakuna homa ya nguruwe. Mlangoni mwa banda nimeandika kwa mkaa: amepandwa 4 Oktoba, atazaa 26 Januari.