NV200 au TownAce: gari moja la mzigo na watoto

Nissan NV200 na Toyota TownAce kwa macho ni ndugu. Zote ni fupi, upana wake haufiki mita 1.7, na pande zote mbili zina milango ya kuteleza. Mnunuzi hulinganisha ukubwa wa injini, anaona 1.6 kwa 1.5, kisha anachagua yenye rangi nzuri. Tofauti yenyewe iko kwenye mahali injini ilipokaa. Ukishaelewa hilo, mengine yote hujieleza.

NV200 ilitoka mwaka 2009. Injini yake ya petroli HR16DE imelazwa kukingama puani, na gari linavuta kwa matairi ya mbele. Kwa kuwa hakuna propela wala difu nyuma, Nissan waliweza kushusha sakafu ya mzigo hadi kama sentimita 52 kutoka ardhini. TownAce ninayoizungumzia ni ya kizazi kilichoanza 2008, yenye msimbo wa modeli S402, iliyoundwa na Daihatsu na kutengenezwa Indonesia. Injini yake ya 3SZ-VE iko chini ya viti vya mbele, na nguvu hupita kwenye propela kwenda nyuma. Sakafu yake iko juu zaidi, ila pua karibu haipo.

Ndiyo maana TownAce yenye urefu wa mita 4 na kidogo inakupa sakafu ya takriban mita 2.04 ukilaza kiti cha nyuma, wakati NV200 ya mzigo yenye viti vitano ina mita 4.4 kwa nje na sakafu yake haifiki mita 2. Kwa upana na kimo ndani zinakaribiana, mita 1.5 kwa 1.3 hivi. Anayebeba mbao, mabomba au milango aanze na utepe wa kupimia kabla ya kuuliza habari ya mafuta. Anayepakia na kushusha mara kumi kwa siku naye ajiulize kiuno chake kitasemaje. Katoni la kilo 25 kulinyanyua hadi sentimita 52 si sawa na kulipandisha juu ya hapo, na mtoto wa miaka mitatu anapanda NV200 mwenyewe bila kubebwa.

Kwa uzito, TownAce ndiyo punda. Nyingi za kuvuta kwa nyuma zimeandikishwa kubeba hadi kilo 750 hivi, NV200 za mzigo huzunguka kilo 600. Lakini soma kibandiko cha Kijapani kwenye mlango wa nyuma: mara nyingi kina namba mbili. Kubwa ni uzito wa mzigo wakiwa mbele watu wawili, na ile ya mabano ni wakikaa watu watano. Japani hukadiria mtu mmoja kuwa kilo 55, kwa hiyo abiria watatu wa nyuma peke yao ni kilo 165 zinazokatwa kwenye mzigo. Familia ikiwa ndani, gari lako la kilo 600 si la kilo 600 tena. Hesabu hii hurukwa sana, halafu watu wanalaumu springi.

Barabarani ndipo mahali pa injini panapoonekana wazi. NV200 tupu inashika barabara vizuri hata kwenye utelezi, kwa sababu injini imekandamiza matairi yanayovuta. Ijaze mzigo nyuma, kisha isimamishe kwenye mlima wenye tope: mkia unashuka, pua inakuwa nyepesi, matairi ya mbele yanazunguka bure. TownAce ni kinyume chake. Ikiwa tupu kwenye matope mkia unacheza, na dereva asiyezoea anaweza kujikuta ametazama alikotoka. Weka kilo 300 juu ya ekseli ya nyuma, inapanda kwa utulivu. Kwa hiyo usiulize barabara ni mbaya kiasi gani tu. Uliza unapita pabaya ukiwa na mzigo au ukiwa mtupu. Kama unapita pabaya kila siku katika hali zote mbili, tafuta TownAce ya S412 yenye kuvuta matairi yote manne, ukijua kuwa mzigo inaoruhusiwa kubeba ni pungufu kidogo.

Mjini TownAce ina raha yake, inageuka ndani ya duara dogo, na ufupi wake unaonekana kwenye maegesho. Safari ndefu ni za NV200. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yamekaa mbalimbali zaidi, kelele ya injini iko nje ya chumba, na tangi lake la lita 55 linaizidi TownAce yenye lita 43.

Sasa kiti cha nyuma, na hapa sitakuwa mpole. Ukinunua vani iliyoandikishwa Japani kama gari la mzigo, ujue sheria ya huko inataka eneo la mizigo liwe kubwa kuliko eneo la abiria. Watengenezaji hutimiza hilo kwa kukisogeza kiti cha nyuma mbele, kukipunguza unene na kukisimamisha wima. Ni benchi. Kwa dakika ishirini linavumilika, kwa saa nne ni adhabu. Kabla ya kulipa kaa hapo mwenyewe, magoti yakiwa nyuma ya kiti cha dereva kilichosogezwa mahali pake halisi. Angalia kama kuna vipumzishio vya kichwa. Angalia kama mkanda wa katikati ni wa pointi tatu au ni wa kiunoni tu. Usitegemee kukuta vishikizo vya ISOFIX, vile vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto bila mkanda. Chukua kiti cha mtoto utakachokitumia, kifunge kwa mkanda papo hapo, ukitikise. Benchi fupi na la wima hukataa baadhi ya viti vya watoto, hasa vile vinavyotazama nyuma.

Hapa NV200 ina mlango wa kutokea ambao TownAce haina. Kuna NV200 za abiria, za viti vitano na za viti saba, zenye kiti cha katikati kinachostahili jina hilo, na viti vya safu ya tatu vinanyanyuliwa na kukunjwa ubavuni. TownAce ya kizazi hiki iliuzwa Japani kama vani ya mzigo au lori dogo. Kama familia itapanda gari siku tano kwa wiki na mzigo ni wa siku mbili, mimi ningechukua NV200 ya abiria bila kupindapinda. Mzigo ukiwa siku tano na watoto ni wa kanisani, msikitini na shuleni, TownAce inatosha.

Upande wa fundi. Injini zote mbili zina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na watu husikia "cheni" wakadhani haihitaji kitu. Cheni inaishi kwa oili. Oili ikichelewa, vikazaji vyake na njia ndogo za oili huziba au kulika, cheni inalegea, na unaanza kusikia mkwaruzo asubuhi gari likiwashwa baridi. Ukiusikia mkwaruzo huo kwenye gari unalotaka kununua, usiamini neno "ni oili tu". Gari la mizigo linalosimama na kuondoka kila mara badilisha oili kila kilomita 5,000.

Plagi za NV200 zinasumbua kwa sababu manifoldi ya kuingizia hewa imelala juu yake, ni lazima itolewe, na gasketi zake ziwe mpya zinaporudishwa. Fundi akirudisha za zamani, hewa inavuja na injini inatetema ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwenye TownAce unanyanyua kiti cha mbele, injini hiyo hapo. Hilo ni zuri mpaka mihuri ya kifuniko inapochakaa, ndipo joto, kelele na harufu vinapoanza kuingia kwa dereva. Kagua mpira wa pembeni ya kifuniko, na uliza kama klipu zote zipo.

Chini ya NV200 tazama mipira ya ekseli za mbele kama imepasuka na inatema grisi, maunti za injini, na tairi za mbele zilizolika upande wa ndani. Nyuma ina springi za pasi juu ya ekseli ngumu: imara, ila gari tupu hurukaruka. Chini ya TownAce shika propela kwa mkono uizungushe huku na huku. Krosi, yaani viungio vya propela, zikicheza utazihisi. Tazama na uvujaji kwenye difu. Kwa NV200 yenye giaboksi ya CVT, ile ya moja kwa moja isiyo na gia za hatua, hakikisha imewekewa oili ya CVT iliyotajwa na Nissan. Oili ya giaboksi ya kawaida ya moja kwa moja huiua.

Matairi yawe ya LT au C, yaani ya magari ya mizigo, yenye namba ya uzito inayolingana na kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi la gari dogo linaingia kwenye rimu vizuri tu, na ndiyo hatari yake: ubavu wake haukuundwa kwa kilo 600, unapata joto na kupasuka. Upepo nao ubadilike na mzigo.

Kuhusu vipuri, majina mengine yanasaidia kutafuta. NV200 iliuzwa pia kama Mitsubishi Delica D:3, na TownAce kama LiteAce na Daihatsu Gran Max. TownAce za kuanzia 2020 zina injini ya 2NR-VE, basi usiagize kipuri kwa jina la gari pekee. Toa namba ya chesi.

Siku ya kujaribu gari usiende peke yako. Nenda na watu wako na kilo 200 au 300 za mzigo halisi, umefungwa kwenye kulabu za sakafuni, maana kisanduku cha vifaa kisichofungwa humfuata aliyekaa benchi la nyuma ukikanyaga breki. Simamisha gari katikati ya mlima, uondoke. Rudi kinyumenyume mlima huohuo. Kisha egesha kwenye mteremko na umwambie mtoto afungue mlango wa kuteleza na kuufunga. Ukimshinda, huenda rola ya chini imelika.