Kufuli la Simu

Simu za ofisini za utoto wangu zilifungwa kwa kufuli. Ukimwambia hivyo kijana wa leo anadhani unazungumzia namba ya siri. Hapana, nasema kufuli la chuma, dogo kama lile la sanduku la bweni, linapitishwa kwenye tundu la diski ya namba ili isizunguke. Ufunguo anao meneja au karani anayeaminika, na akienda kula anaondoka nao. Simu ikiita unapokea. Kupiga, sahau.

Baba alikuwa karani kwenye ofisi moja hapa Mbeya mjini, katikati ya miaka ya 1980. Nikitoka shule nilikuwa nampitia, hasa mwezi wa sita na wa saba, maana baridi ya Mbeya jioni si ya kumsubiria mtu nje. Mlinzi wa usiku alikuwa mzee kutoka Mbozi aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, enzi hizo kukiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Siku moja, wafanyakazi wameshaondoka na baba yuko chumba cha nyuma anamalizia hesabu, nikamwona mzee ameinua mkonga wa simu, anasikiliza. Hakugusa diski. Akaanza kudonoa kwa kidole vile vitufe viwili ambavyo mkonga hulalia, haraka haraka, kisha anatulia, kisha anadonoa tena.

"Babu, hiyo si imefungwa?"

"Imefungwa diski, mjukuu wangu. Waya haujafungwa."

Upande wa pili mtu akapokea. Mzee akasalimia Kinyiha, akaulizia habari za mgonjwa, akakata. Mazungumzo hayakufika hata dakika mbili, lakini mimi nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka.

Siri yake, niliyoielewa vizuri baadaye, ni hii. Ukizungusha diski ya simu ya zamani kisha ukaiachia, inaporudi kuna swichi ndani inayokata na kuunga waya. Ukichagua tano inakata mara tano. Sifuri inakata mara kumi. Kasi yake ni mikato kama kumi kwa sekunde. Mtambo wa Posta na Simu ulikuwa unahesabu mikato hiyo tu. Haukuwa na namna ya kujua kama anayekata ni diski ya meneja au ni kidole cha mlinzi. Mkono tu ndio ulitakiwa uwe na mapigo: ukichelewa kidogo, mtambo unadhani umemaliza tarakimu moja na kuanza nyingine, na ukibonyeza muda mrefu unahesabu umekata simu kabisa. Ndiyo maana namba zenye sifuri nyingi zilikuwa mateso. Mzee alizimudu. Nadhani ngoma ilimsaidia.

Bili ilipoanza kuzidi, meneja alinunua kufuli kubwa zaidi.

Mwenyewe nilichokipata pale hakikuwa simu za bure, sikuwa na mtu wa kumpigia. Nilipata ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kilichofungwa kimefungwa wapi hasa. Na dawa yake, au tuseme chakula chake, niliikuta Mwanjelwa kwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa fundi redio kwenye soko la zamani, kabla halijaungua. Kibanda chake hakikuwa na umeme. Kulehemu alilehemu kwa kipande cha shaba nene kilichochomekwa kwenye mpini wa mti, kinapashwa kwenye jiko la mkaa mpaka moto juu yake ubadilike rangi kuwa wa kijani. Ili risasi ishike vizuri alitumia utomvu wa mipaini, tuliokwenda kuukwangua wenyewe upande wa Kawetire. Duka la vifaa likikosa ile dawa ya kulehemia ya kopo, msitu ulikuwa nayo; ni kitu kilekile, utomvu wa paini ndio unaochemshwa na kuuzwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya mti wa paini unaoungua sifikirii mbao, nafikiria transista.

Betri za National zilizochoka tulizianika juu ya bati. Watu hucheka nikiwasimulia, lakini joto kweli huamsha kemikali ya ndani, unapata nusu saa nyingine ya taarifa ya habari. Wengine waliziuma kwa meno. Hilo silitetei.

Kitu kilichonimaliza kabisa kilikuwa simu ya kukoroga. Baba mdogo aliinunua kwa muuza chuma chakavu, boksi la mbao lenye mkono wa kuzungusha ubavuni. Ndani ya boksi kuna sumaku nene na koili inayozunguka katikati yake: dainamo ndogo. Ukikoroga inatoa umeme wa makumi ya volti, unaotosha kugonga kengele ya simu iliyo mbali sana. Unatosha pia kumrusha rafiki yako aliyeshika nyaya mbili akidhani anasaidia kazi. Kibandani kulikuwa na sheria moja juu ya mashine ile: hakuna kumrusha mwenzako kabla hujarushwa wewe. Wateja waliokuja kudai redio zao walikaa kutazama, wengine wakaomba zamu.

Tuliifungua yote. Kwenye mdomo wa mkonga mna kikombe cha punje za kaboni. Sauti ikigonga kiwambo, punje zinabanwa na kuachiwa, umeme unaopita unaongezeka na kupungua, na hiyo ndiyo sauti yako inayosafiri. Nikaelewa kwa nini wazee walikuwa wanaupiga mkonga kwenye kiganja sauti ikififia: punje zimeshikana, zinahitaji kutikiswa. Nilikuwa nadhani ni hasira.

Upande wa sikioni nikautumia kutengenezea redio isiyo na betri. Waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua niliuviringisha kwenye kipande cha mwanzi, nikachomoa dayodi kwenye redio mbovu, nikapandisha waya mrefu juu ya mparachichi na mwingine nikaufunga kwenye bomba la maji. Kimya. Kumbe koili ya sikio la simu ina ukinzani mdogo mno kwa kazi ile, inaua hata kile kidogo kilichopokewa. Baba mdogo alinitazama nikihangaika kwa siku kadhaa bila kusema neno, ndivyo alivyofundisha, kisha akatupa mezani transfoma ndogo aliyoing'oa kwenye redio ya transista. "Weka hiyo katikati." Nikaweka, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikazungumza kwa mbali sana, bila betri hata moja. Usiku mawimbi yakisafiri mbali tulinasa mpaka sauti za Malawi na Zambia.

Miaka ya mwanzoni ya 2000, kwenye intaneti ya kulipia kwa dakika hapa mjini, ndipo nilipokutana na habari za Wamarekani wa mambo hayohayo. Kulikuwa na Joe Engressia, mtoto aliyezaliwa kipofu mwaka 1949. Akiwa na miaka mitano hivi aligundua kwamba anaweza kupiga simu kwa kudonoa vitufe vya kulazia mkonga. Nilisoma sentensi hiyo na dakika zangu zinakwisha. Mzee wa Mbozi na mtoto wa Virginia, hawakujuana, kidole kilekile.

Engressia alikwenda mbali zaidi. Akiwa na miaka kama saba alipiga mluzi kwenye simu na laini ikakatika. Mitambo ya simu za mbali ya Marekani ilikuwa inaongozwa na sauti inayopita njia ileile ya mazungumzo, na mlio wa hezi 2600, yaani mitetemo 2600 kwa sekunde, ulimaanisha laini iko wazi, haina mtu. Yeye, kwa sikio lake kali, aliweza kuutoa mlio huo mdomoni. Mwingine, John Draper, alijulikana kwa filimbi ya plastiki iliyotolewa kama zawadi ndani ya boksi la nafaka za watoto za Cap'n Crunch. Ilitoa hezi hizohizo. Waliofuata wakatengeneza kisanduku cha buluu, kinachotoa mlio ule na jozi za milio iliyokuwa ikitumiwa na mitambo yenyewe kuambizana namba. Baada ya jarida moja kuandika habari zao Oktoba 1971, Steve Wozniak akatengeneza cha kwake, na yeye na Steve Jobs wakaviuza kabla ya kuanzisha Apple. Ulikuwa wizi kwa sheria ya kwao, na Draper alifungwa. Kampuni ya simu nayo, tofauti na meneja wetu, haikununua kufuli kubwa. Polepole ilihamisha maagizo yote ya mitambo kwenye njia nyingine ambayo mpigaji haisikii wala haifikii. Filimbi zikabaki filimbi.

Sisi visanduku vya buluu hatukuwa navyo, ila tulikuwa na kubipu. Nasema kwa dhati kwamba kubipu ni uvumbuzi wa daraja hilohilo, na hakuna aliyefungwa. Kampuni inauza mazungumzo. Mlio wa kuita ni bure. Basi weka ujumbe ndani ya mlio. Shangazi yangu wa Tukuyu alikuwa na ratiba nzima: bipu moja gari limefika salama, mbili mzigo wa ndizi umepakiwa, tatu nipigie kuna jambo. Njia yote ya Mbeya mpaka Tunduma biashara iliendeshwa hivyo. Mwishoni kampuni zenyewe zikasalimu amri na kuleta ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie".

Wenzangu wa rika langu hupenda kusema vijana wa sasa hawachokonoi vitu. Waende Kabwe, hapahapa Mbeya, wakaone. Kuna madogo pale wana darubini mezani na mashine za hewa ya moto, wanainua chipu ndogo kuliko punje ya mtama na kuirudisha. Wakati wetu tungeanguka kifudifudi. Walichonyimwa wao ni kitu kingine. Mmoja alinionyesha iPhone aliyoibadilisha kioo kwa kioo halisi kilichotolewa kwenye iPhone nyingine. Simu ikaandika kwamba haikitambui. Kazi ni safi, sehemu ni halisi, lakini simu inataka idhini ya mwenye kiwanda. Hapo kufuli limehamia kwenye waya.

Mimi kwa sasa nina mradi mdogo wa uzeeni. Nataka simu ya mezani ya diski ipige kwenye mtandao wa simu za mkononi. Ndani nitaweka kibao kidogo cha Arduino, yaani kikompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, kihesabu mikato, na moduli ya GSM, ile inayoshika mtandao wa simu za mkononi, ipige namba. Programu nimeshaiandika na inahesabu vizuri nikidonoa swichi kwa kidole, hata sifuri. Moduli imefika kwa basi kutoka Kariakoo. Kinachokosekana ni simu yenyewe, maana zote nilizozipata zimebaki ganda au springi ya diski imekufa.

Kwa hiyo kama kuna mtu Iringa, Makambako, Njombe au popote huku Nyanda za Juu ana simu nyeusi ya zamani imekaa stoo, asiitupe wala asimpe muuza chuma. Aniandikie. Rangi ikichubuka si kitu, mkonga ukikosekana nitatafuta, bei tutaelewana, mradi diski ikizungushwa inarudi yenyewe.