Nipe ile ya kifuniko cha zambarau

Leo kwenye duka moja huko Umoja nimemsikia mama akimwambia muuzaji, "Nipe ile sabuni ya kifuniko cha zambarau." Jina la sabuni yangu hata hakulitaja! Nikabaki nikitabasamu peke yangu kando ya magunia ya unga.

Fundi wa River Road anayenichapia lebo alitaka tuweke maua, mapovu na maandishi ya dhahabu. Nikakataa. (Anajua kuchapa, lakini ukimwachia, chupa inageuka kadi ya harusi.) Rangi moja, jina kubwa la kusomeka kutoka ng'ambo ya kaunta, basi. Lebo, aproni, hadi picha ya WhatsApp, zote zambarau ileile. Safaricom na kijani chao wametufunza hivyo miaka yote.

Jambo linalowapita wengi: kusajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakukupi haki ya alama ya biashara. Hiyo unaiombea KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, na ikishasajiliwa inalindwa miaka 10, kisha unaihuisha. Ombi langu bado linashughulikiwa.

Wenye maduka wa Umoja, mzigo mpya unafika Jumatano.